Kabla ya kubishana na rafiki yako kuhusu kutoa mimba, jueni mnabishania nini

Mleta mada anauliza kama aendelee kuzungumza na rafiki yake wa miaka mingi ambaye hawaelewani kabisa kwenye suala la kutoa mimba, au aufunge mjadala kabla urafiki haujavunjika. Anasema kila wakijaribu wanaishia kununiana. Anauliza pia kama amwandikie ujumbe mrefu wa kujieleza.

Jibu langu ni kwamba mzungumze, ila kwanza mjue mnabishania nini hasa. Wengi wanaogombana juu ya hili wanadhani wana ubishi mmoja, kumbe wana ubishi wa aina tatu, na kila mmoja anajibu swali ambalo mwenzake hajauliza.

Niseme msimamo wangu mapema ili unisome ukijua nimesimama wapi. Mimi ni Mkatoliki, na naamini aliye tumboni anastahili ulinzi wa binadamu tangu mimba inapotungwa. Hapo siyumbi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni muuguzi mkunga, anasali kanisa lile lile, na anaamini mwanamke ndiye mwenye kauli ya mwisho. Tumelizungumza kwa miaka, wakati mwingine kwa sauti ya juu, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Lakini nikipata shida usiku, simu ya kwanza naipiga kwake.

Maswali yenyewe ni haya. Aliye tumboni ni nani, na ana thamani gani? Halafu, hata akiwa na thamani kamili, je, mwanamke analazimika kumbeba kwa mwili wake? Na mwisho kuna sheria: jambo likiwa baya, dola iliingilie kwa namna gani, na imwadhibu nani? Mnaweza kukubaliana kwenye la kwanza mkaachana mbali kwenye la tatu. Mtu anakwambia msichana asifungwe, wewe unasikia kwamba mtoto hana thamani. Hakusema hivyo. Na wewe unasema mtoto alindwe, yeye anasikia kwamba mama afe tu. Nawe hukusema hivyo.

Mimi na wifi tuliligundua hilo siku moja tukiwa tunakunja nguo. Nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa sijawahi kumuuliza: "Wifi, ukimwangalia kwenye ultrasaundi, wewe unaona nini?" Akaiweka shuka aliyokuwa ameishika, akakaa kitako. Akasema, "Naona uhai. Tangu lini nikakwambia sioni uhai? Ninachokataa ni mtu mwingine kumwamuru mama aubebe."

Muda wote huo nilikuwa nikimpa hoja za mapigo ya moyo na vidole, hoja za swali la kwanza, kwa mtu ambaye hana ubishi nami kwenye swali hilo. Kuanzia hapo mazungumzo yalibadilika, kwa sababu sasa kila mmoja alijua mwenzake amesimama wapi.

Naye akaniuliza lake. "Msichana akiletwa kwangu ana homa kali, damu inamtoka, ananuka usaha, ananiambia ameteleza bafuni. Najua hakuteleza. Unataka nimtibu au nimpigie polisi?" Nikamwambia mtibu, hilo halina mjadala. "Basi sheria unayoitaka wewe ni ipi?" Nikajibu kwamba adhabu imwangukie aliyemfanyia, si msichana. Akanitazama. "Na unadhani msichana anayejua nitamuuliza nani kakufanyia, atakuja siku ya kwanza au atakuja siku ya saba, sumu imeshaingia kwenye damu?"

Sina jibu jepesi la swali hilo. Bado nataka sheria imlinde mtoto, lakini siwezi tena kuizungumzia bila kuwazia siku ya saba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba zipatazo milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani, na asilimia 45 hivi ya hizo kwa njia zisizo salama. Anayepinga kama mimi lazima aibebe takwimu hiyo, asiiache kwa upande wa pili peke yao.

Na si kwamba maswali yote yalitoka kwake. Nilimuuliza wiki ya thelathini je? Akasema hapo hapana, yeye hakubali. Kwa nini hapo? Kwa sababu mtoto anaweza kuishi nje ya tumbo. Nikamwambia, wewe ni mkunga, unajua kwamba kwenye hospitali yenye vifaa kamili baadhi ya watoto wa wiki 22 hadi 24 huokolewa, na pasipo vifaa hata wa wiki 28 anaweza asiponee. Sasa thamani ya mtu inategemea mashine iliyo chumbani? Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atalifikiria. Wiki kadhaa baadaye alirudi na jibu: kwake suala si mashine, ni kwamba kufikia hapo mama amekuwa na muda wa kutosha wa kuamua. Sikubaliani naye, lakini lilikuwa jibu la mtu aliyelala na swali langu, na ndicho nilichokuwa nataka.

Kwa wanaopenda kusoma, kuna wanafalsafa wawili ambao ningewapa watu wa pande zote mbili. Judith Jarvis Thomson, mwaka 1971, aliyekuwa akitetea haki ya kutoa mimba, alianza kwa kukubali kwa ajili ya hoja kwamba aliye tumboni ni mtu kamili, kisha akasema kuwa na haki ya kuishi hakukupi haki ya kutumia mwili wa mwingine. Don Marquis, mwaka 1989, alipinga kutoa mimba bila kutaja dini hata kidogo: kuua ni kubaya kwa sababu kunamnyang'anya mtu maisha yote aliyokuwa nayo mbele yake, na aliye tumboni naye ana maisha hayo mbele yake. Soma hoja nzito ya upande usiokuwa wako. Ukiweza kumweleza rafiki yako hoja yake mpaka aseme "ndiyo, hivyo hasa", nusu ya hasira itaisha palepale.

Kama unadhani mambo haya hayawezekani kwa watu wenye misimamo mikali, sikiliza kisa cha Boston, Marekani. Tarehe 30 Desemba 1994 mtu mwenye bunduki alivamia kliniki mbili zinazotoa huduma ya kutoa mimba huko Brookline, jirani na Boston, akaua wanawake wawili waliokuwa wakifanya kazi mapokezi na kujeruhi wengine. Baada ya hapo wanawake sita, viongozi wa harakati, watatu wa kila upande, walianza kukutana kwa siri. Waliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka mitano, na Januari 2001 wakajitokeza kwa makala waliyoiandika pamoja kwenye gazeti la Boston Globe. Walikuwa wamepeana sharti moja gumu: vikao vile visitumike kutetea msimamo. Waliulizana tu, wakasikilizana, wakatafuta maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyavumilia. Wenyewe walisema hakuna aliyehama upande. Hata hivyo walifika mahali ambapo wapinzani wa utoaji mimba walimtahadharisha kiongozi wa upande wa pili walipohisi huenda maisha yake yako hatarini. Mimi kisa hiki nakirudia kila nikisikia mtu anasema kuzungumza bila kumgeuza mwenzako ni kupoteza muda.

Dini nayo ishughulikie kwa uangalifu. Usidhani mnafuata mafundisho yale yale, na usidhani unayajua ya mwenzako. Katika Uislamu, kwa mfano, wapo wanazuoni wanaotofautisha kabla na baada ya siku 120, wakitegemea hadithi ya Mtume kuhusu kupulizwa roho, na wapo wanaokataza tangu mwanzo, huku kuokoa maisha ya mama kukiwa na hukumu yake. Kwetu Wakatoliki, mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi badala ya ndani ya mji wa mimba, mrija wenye ugonjwa unaweza kuondolewa ili kumwokoa mama, ingawa mimba itapotea. Mimi na wifi tulianzia hapo, kwenye mimba ya mrija, kwa sababu hatuna ubishi nayo. Kujua kuna eneo tunakubaliana kulitupunguzia joto kabla ya kugusa yale magumu.

Sasa mambo ya kawaida. Usiyazungumze mbele za watu, maana mkiwa na watazamaji kila mmoja atataka kushinda. Usitume picha za kutisha. Kama mmoja wenu ana mimba sasa hivi na amekuja na machozi, huo si mjadala tena. Mwulize anahitaji nini, mengine yasubiri.

Na kubwa kuliko yote: zungumza ukijua kwamba uliye naye anaweza kuwa ameyapitia. Ukirudi kwenye zile milioni 73, ni kama mimba tatu katika kila kumi. Ongeza walioharibikiwa na mimba bila kupenda, ambao ni wengi na hawasemi. Maneno kama "muuaji" unayarusha ukidhani unamlenga mtu wa mbali, kumbe yamemwangukia dada aliyekaa kiti cha pili. Vivyo hivyo na wale wa upande wa pili wanaosema "ni damu tu ile", mbele ya mama aliyempa jina mtoto aliyempoteza mwezi wa tatu. Nimeona yote mawili, na katika yote mawili aliyeumia aliinuka akaondoka bila kusema kitu.

Ndiyo maana huo ujumbe mrefu mimi nakushauri usiuandike. Maandishi hayana sauti wala uso, naye atayasoma mara nyingi akiwa peke yake, akitafuta pale ulipomhukumu. Mwambie tu kwamba safari hii unataka kumsikiliza, na achague siku yeye. Ukikutana naye, anza kwa kumuuliza lipi kati ya yale maswali matatu ndilo linalomkosesha usingizi. Akisema hayuko tayari kulizungumza, mwache, na usimuulize sababu.