Urusi "iliingilia" au "iliingilia kati" uchaguzi wa Moldova?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri habari za nje kwa redio ya jamii. Kwenye habari ya uchaguzi wa Moldova wa 2024 niliandika hivi: "Kuna tuhuma za Urusi kuingilia kati uchaguzi wa kijinchi cha Moldova, ambapo tajiri mmoja anadaiwa mamilioni ya kununulia kura." Mhariri alikata "kati", akasema na sentensi yenyewe haimpendezi. Mwenzangu ananitetea, anasema "kuingilia kati" ndicho Kiswahili fasaha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi, tena amekuhurumia kwa kukata neno moja tu.

Anayeingilia kati husimama baina ya watu wawili au pande mbili. Majirani wakikunjana mashati, mzee wa mtaa huingilia kati. Kofi Annan alipokwenda Nairobi mwanzoni mwa 2008, aliingilia kati mgogoro uliozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na Wakenya wengi walimshukuru. Kuingilia bila "kati" ni kutia mkono pasipokuhusu. Ndiyo maana tunasema kuingilia mambo ya ndani ya nchi, kuingilia uhuru wa mahakama, kuingilia mazungumzo ya watu. Najua redioni maneno haya hubadilishana viti kila siku, na hakuna atakayefungwa kwa hilo. Lakini msikilizaji akisikia kwamba dola kubwa "limeingilia kati" uchaguzi wa nchi nyingine, anaweza kudhani limekwenda kusuluhisha. Serikali ya Moldova haikuwa inalalamikia usuluhishi.

Hapo hapo nikutahadharishe: kinachoingiliwa kiwe uchaguzi, siasa au mambo ya ndani. Usije ukaandika "Urusi iliiingilia Moldova". Kumwingilia mtu kuna maana yake nyingine kwenye taarifa za polisi, na wasikilizaji wa saa mbili usiku wana masikio yao.

Sasa niende kwenye kosa ambalo mhariri hakulitaja, nami naliona ndilo kubwa. "Tuhuma za Urusi" ni za nani? Kiunganishi hiki "za" hakisemi kama Urusi ndiyo inayotuhumu au ndiyo inayotuhumiwa. Kwa Moldova utata huo si wa darasani, maana pande zote mbili zilikuwa na malalamiko. Chisinau, yaani serikali ya Moldova, ilisema Moscow inamwaga fedha kununua kura. Moscow nayo ilisema uchaguzi si wa haki, ikitaja kwamba raia wa Moldova waliotapakaa Urusi nzima walifunguliwa vituo viwili tu vya kupigia kura. Kwa hiyo "tuhuma za Urusi kuhusu uchaguzi wa Moldova" inaweza kuwa habari mbili zinazopingana. Andika "tuhuma dhidi ya Urusi", au bora zaidi mtaje mwenye kutuhumu uone sentensi inavyonyooka: "Moldova inaituhumu Urusi".

Je, "tuhuma" ndilo neno lenyewe? Inategemea umefika wapi na ushahidi. Kushuku ni kwa moyoni: una wasiwasi, pengine hujamwambia mtu. Ukimtaja mhusika hadharani umeshatuhumu. Kushutumu ni kumrushia mtu maneno makali kwa jambo unalolichukulia kuwa ametenda. Ukiandika "Ulaya imeishutumu Urusi kwa kununua kura", msikilizaji anaelewa kwamba ununuzi ulikwishathibitika na sasa ni hasira tu zilizobaki. Waandishi wengi huchanganya tuhuma na shutuma kwa sababu zinafanana masikioni.

Jaribu kuyapima maneno haya kwa yaliyotokea. Tarehe 20 Oktoba 2024 Wamoldova walipiga kura mbili kwa siku moja: ya urais, na ya maoni kuhusu kuingiza kwenye katiba lengo la kujiunga na Umoja wa Ulaya. Kura ya maoni ilipita kwa asilimia 50 na ushei, tofauti ya kura kama 10,000 hivi. Usiku huo Rais Maia Sandu alisimama akasema magenge ya wahalifu, yakishirikiana na nguvu za kigeni, yalikusudia kununua kura 300,000. Hizo ni tuhuma. Kabla ya hapo polisi walikuwa wamesema kwamba mwezi Septemba peke yake dola milioni 15 hivi ziliingizwa kwenye akaunti za watu zaidi ya 130,000 kupitia benki ya Urusi. Hizo nazo ni tuhuma, ila zina tarakimu. Msemaji wa Kremlin (ikulu ya Urusi), Dmitry Peskov, alikana na kutaka ushahidi. Basi ukiandika "shuku" umezipunguza nguvu, na ukiandika "shutuma" umekwishatoa hukumu.

Kwa mtu mmoja mmoja ngazi ni hiyo hiyo, ila tunatofautiana mipakani: anayeshikiliwa na polisi Mombasa gazeti humwita mshukiwa, na Tanga humwita mtuhumiwa. Akifikishwa kizimbani, kote ni mshtakiwa. Yule tajiri wako anaitwa Ilan Șor (hewani tamka Shor), naye amekalia ngazi mbili kwa wakati mmoja. Katika kesi ya wizi wa dola bilioni moja kutoka benki za Moldova, uliofichuka 2014, si mtuhumiwa tena: Aprili 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu kifungo cha miaka 15, yeye mwenyewe akiwa nje ya nchi. Katika suala la kura za 2024, wakati ule alikuwa mtuhumiwa, naye alikana. Ukimwita mtuhumiwa kwa yote mawili umempunguzia, ukimwita mhalifu kwa yote mawili umemzidishia.

Na huyo huyo "anadaiwa mamilioni". Hapa nilicheka. Anadaiwa ikifuatwa na fedha, maana yake ana deni. Ikifuatwa na kitenzi, maana yake kuna anayesema kwamba ametenda: anadaiwa kutoa mamilioni. Kwa bahati sentensi yako ingesimama hata kwa maana ya deni, kwa kuwa mahakama iliamuru pia anyang'anywe mali za mamilioni ya dola, lakini nadhani hukukusudia hilo. Hata ukiirekebisha, bado "inadaiwa" ni kichaka cha kujifichia. Nani anadai? Mtaje. "Inasemekana" ndiyo usiiguse kabisa.

Kununua kura umeandika vizuri, usilibadilishe kwa kutafuta madoido. Kuchakachua, neno tulilolitoa kwenye petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa tukalipeleka kwenye siasa wakati wa uchaguzi wa Tanzania wa 2010, ni kwa kura au matokeo yaliyochezewa, na Moldova malalamiko yalihusu fedha kabla mtu hajafika kituoni. Takrima ndiyo kabisa haifai: ni jina la heshima ambalo sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuupa ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipolifuta mwaka 2006.

Limebaki "kijinchi". Sema "nchi ndogo". Kiji- hudunisha, na habari yako haikuwa ya kumdunisha mtu. Isitoshe Moldova ina kilomita za mraba zaidi ya 33,000, ni kubwa kwa eneo kuliko Rwanda, ni kubwa kuliko Burundi. Kama matangazo yenu yanafika Ngara, mpakani mwa nchi hizo mbili, jiandae kupigiwa simu.

Mimi ningeiandika hivi: "Serikali ya Moldova inaituhumu Urusi kwa kuingilia uchaguzi wake. Inadai kwamba tajiri Ilan Șor, aliyekwishahukumiwa kwa wizi wa fedha za benki, aligharimia ununuzi wa kura. Urusi na Șor wamekana." Ni sentensi tatu badala ya moja, lakini zinasomeka kwa pumzi moja hewani.