Afunge daftari

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwanafunzi wa uuguzi asome vipi ili aliyoyasoma yasimtoke? Mimi ni muuguzi mkunga, na jibu langu ni kwamba afunge daftari, ajiulize. Nieleze nilivyofika hapo.

Nikiwa mwaka wa pili wa stashahada nilisoma kama wenzangu wengi: madesa mkononi, kalamu ya rangi, narudia ukurasa mpaka naona nimeuzoea. Usiku mmoja nilipitia mara nne kurasa za kifafa cha mimba. Kesho yake, wodi ya wazazi, sista mmoja mtu mzima akanisimamisha kando ya kitanda. "Mwanangu, mama huyu amefikia dozi nyingine ya magnesiamu salfeti. Kabla hujampa, unaangalia nini?"

Hiyo ndiyo dawa ya kuzuia degedege za kifafa cha mimba. Ukurasa niliuona kichwani, hata ile rangi ya njano niliyoupaka. Maneno yake sikuyapata. Sista hakunifokea. Alinihesabia kwa vidole: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, ukimgonga chini ya goti mguu unaruka, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, dozi haitolewi. Sijayasahau tangu siku ile, na naamini ni kwa sababu niliulizwa kwanza, nikatafuta, nikakosa, ndipo nikaambiwa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi wasome. Wengine waliirudia kuisoma, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Zile dakika 5 ndizo zinazotupeleka kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukimaliza kurudia ukurasa unajiona umeiva, unafunga kitabu na kulala kwa amani, kumbe hujajaribu hata mara moja kuyatoa kichwani.

Kwa hiyo uwe na daftari la maswali. Ukitoka darasani geuza kila kichwa cha somo kuwa swali, ujibu kwa sauti kesho yake, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Lililokushinda liwekee alama, uanze nalo safari ijayo. Kundi la majadiliano nalo lifuate hivyo hivyo, la sivyo mmoja anasoma na wengine wanaitikia.

Hesabu za dawa zinataka mkono. Lita moja ya dripu iishe kwa saa 8, seti, yaani mpira unaopitisha dripu, inatoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Fanya tano kila asubuhi kabla ya chai, namba zikibadilika, na usiache kuandika kipimo pembeni ya namba, kwa sababu mikrogramu ikisomwa kuwa miligramu dozi imezidi mara 1000. Ukifika wodini, simama mbele ya dripu yenyewe na saa yako, uhesabu matone.

Lipo jambo jingine ambalo sisi tunalo na hatulitumii. Tunafundishwa kwa Kiingereza, tunahudumia kwa Kiswahili. Wengi wanauona huu kuwa mzigo. Mimi naona hakuna kipimo kizuri kuliko hiki: mweleze mtu wa nyumbani, bila neno hata moja la darasani, kwa nini mjamzito mwenye presha anaumwa kichwa na kuona ukungu machoni. Nilimweleza shangazi yangu nikidhani namsaidia yeye. Akaniuliza, "Sasa hiyo presha ya mama inamfikiaje mtoto aliye tumboni?" Nilinyamaza. Jina la ugonjwa nililijua, dalili zake nilizijua, lakini sikuwahi kufikiria kwamba damu inayopita kwenye kondo la nyuma inapungua, na mtoto anakosa chakula na hewa. Usiku ule nilisoma nikiwa natafuta jibu la shangazi, na sura nzima ikaeleweka.

Na aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza. Kusoma na usingizi machoni ni kupoteza vyote viwili.

Wanafunzi wanaoletwa wodini kwetu huwa nawauliza swali lile lile la sista. Mwaka huu mmoja aliniomba nimsubiri kidogo. Akafumba macho, akainua vidole: pumzi, goti, mkojo. Kisha akafumbua, akaniuliza kalisiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu, tunaiweka droo ipi, endapo dozi ingemzidi mgonjwa.