Mtangazaji wa umma na siasa za mtandaoni: yaliyonikuta Arusha mwaka 2015

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mtangazaji anayelipwa kwa kodi zetu aruhusiwe kuweka msimamo wake wa kisiasa kwenye ukurasa wake binafsi, maadamu hewani hausemi. Hoja yako ni kwamba simu ni yake, bando kanunua mwenyewe, basi aachwe. Mimi nami niliwahi kumjibu mhariri wangu kwa maneno hayo hayo. Leo siyaamini tena, na acha nieleze kilichonibadilisha.

Mwaka 2015 nilikuwa natangaza kwenye redio moja ya jamii hapa Arusha. Haikuwa redio ya taifa, ila ilikuwa ya wananchi kweli: iliishi kwa michango na kwa vile vitangazo vidogo vya misiba, mbuzi waliopotea na harambee za kanisa. Kipindi changu kilianza saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, na kilikuwa cha kero za mitaa. Mtu wa Muriet au Unga Limited anapiga simu, anasema bomba limekauka siku tisa, mimi namtafuta mwenyekiti wa mtaa au diwani, anajibu papo hapo wote wakisikia. Siku nyingine maji yalitoka kesho yake. Sijawahi kufanya kazi iliyonipa furaha kama ile.

Wenyeji mnakumbuka mwaka ule. Lowassa, waziri mkuu wa zamani na mtu wa Monduli, alitoka CCM akahamia Chadema mwezi wa saba, na mji ukachemka mpaka kwenye vifodi, daladala zetu ndogo, abiria wanagombana kuanzia Ngaramtoni hadi Kilombero. Halafu Oktoba 25 ilipofika, kura ya ubunge Arusha Mjini haikupigwa kwa sababu mgombea mmoja alikuwa amefariki. Ikasogezwa hadi Desemba 13. Wenzetu nchi nzima wameshapumzika, sisi tukaongezewa wiki saba za kampeni.

Katika wiki hizo ndipo nilipoweka Facebook picha ya mgombea mmoja na mistari miwili chini yake: wa kwanza nikamsifu, wa pili nikawaambia wale wa upande mwingine wameshachoka, wakapumzike. Sitaji nilikuwa upande gani. Nikiutaja, nusu yenu mtaacha kuipima hoja yangu mtaanza kunipima mimi, na hicho ndicho kilichotokea wakati ule.

Hakuna aliyenifukuza. Mhariri aliniita tu, akaniambia, "Umewaambia watu fulani wasikupigie tena." Nikabisha. Jioni yake nikaingia hewani, sauti ile ile, maswali yale yale. Lakini baada ya siku chache simu za mitaa fulani zilipungua, kisha zikakatika kabisa. Kulikuwa na mama mmoja aliyepiga kulalamika kuhusu mtaro wa maji machafu uliokuwa unamwagika mbele ya nyumba zao, watoto wanarukaruka humo. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, mtu tuliyezoeana mpaka ananiita mdogo wangu. Akanijibu kwa upole tu: "Mdogo wangu, kamuulize huyo uliyemposti." Akakata.

Kipindi kikaenda na maneno ya mama peke yake. Msikilizaji wa upande ule akasikia kampeni, si mtaro. Mtaro ukaendelea kumwagika mpaka masika.

Nilikutana na yule mama soko la Kilombero, anauza mnafu na figili. Nikajitambulisha. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mimi sikukuuliza unampenda nani. Nilikuomba uwaambie waje wazibe." Nikamwambia pole mama, nikakosa la kuongeza.

Hapo ndipo naona kasoro ya hoja ya "ukurasa ni wake". Ukurasa wangu ulikuwa na marafiki zaidi ya elfu tatu, na wengi sikuwahi kuwaona kwa macho. Hawakunifuata kwa sababu ya sura yangu. Walinifuata kwa sababu jioni wakiwasha redio walinikuta. Ile imani ilikuwa ya kituo na ya wapiga simu, mimi nikaitumia kwenye jambo langu. Aliyelipa gharama ni mama wa mnafu.

Mtaniambia Katiba, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ni kweli. Lakini Katiba hiyo hiyo, ibara ya 113A, inamkataza jaji na hakimu kujiunga na chama cha siasa, ila kura anapiga. Hatuoni kuwa hakimu kanyimwa utu wake. Mtangazaji namdai kidogo kuliko hapo: kadi ya chama abaki nayo, kura apige, asiwapigie debe wala kuwabeza wale ambao kesho atawahoji.

Nasema hivyo kwa anayesoma habari na anayeongoza mijadala. Wa mpira au wa taarabu ni mwingine. Ndiyo maana sakata la Gary Lineker, mtangazaji wa mpira wa BBC, shirika la utangazaji la umma la Uingereza, Machi 2023, mimi halikunishawishi kuwa alistahili kusimamishwa. Aliandika kwamba lugha ya serikali ya Uingereza kuhusu waomba hifadhi inafanana na ya Ujerumani ya miaka ya 1930, wakamweka pembeni, wachambuzi wenzake wakagoma, na kipindi cha mpira cha Jumamosi kikarushwa dakika 20 hivi bila mtangazaji. Naelewa kwa nini watu walipiga kelele, maana kule kila kaya yenye kutazama televisheni ilikuwa inalipia leseni ya pauni 159 kwa mwaka. Lakini mwomba hifadhi hampigii Lineker simu amtafutie waziri. Kazi yake ilikuwa mabao.

Tazama na Australia. Desemba 2023 shirika lao la utangazaji la umma, ABC, lilimwondoa mtangazaji wa redio Antoinette Lattouf baada ya siku tatu za mkataba wa siku tano, kwa kusambaza mtandaoni taarifa ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch kuhusu njaa Gaza, taarifa ambayo ABC wenyewe walikuwa wameitangaza. Malalamiko yalimiminika, wakubwa wakaingiwa na hofu. Juni 2025 mahakama ikaamua kuwa aliondolewa kinyume cha sheria, akapewa fidia ya dola 70,000 za huko. Kanuni haiwezi kutungwa simu za malalamiko zikiwa zinalia.

Sasa kinachoniuma zaidi ni cha hapa kwetu. Mtangazaji akiandika kukosoa, anaitwa mwanaharakati na anatakiwa ajieleze. Mwenzake akijipiga picha na fulana ya chama akimwaga pongezi, anaitwa mzalendo. Kwa msikilizaji wa upande wa pili wote wawili wamefunga mlango ule ule. Kanuni inayomkamata mmoja na kumwacha mwingine siiungi mkono hata kidogo, bora isiwepo.

Wala isitumike kuziba midomo kwenye mambo yanayopimika. Ukipanda Ngarenanyuki, kule Meru, utakuta watoto meno yamekuwa kahawia kwa floraidi ya maji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtangazaji akiandika kwenye ukurasa wake kwamba maji ya kwao yamezidi hapo, hiyo si siasa ya chama, hata kama mheshimiwa fulani atakunja uso. Meneja anayemwambia afute kwa kisingizio cha kutoegemea upande anawaonea wale watoto.

Yale maandishi yangu sikuyafuta, maana watu walishayapiga picha. Niliandika chini yake kuomba radhi, kwa jina langu kamili. Kisha nikamfuata mwenyekiti nyumbani kwake, mara tatu. Alikubali kuja studio mwezi wa nne mwaka 2016. Kabla hatujaingia hewani aliniomba simu, akafungua ukurasa wangu, akaushusha taratibu mpaka kwenye picha ile, akasoma na yaliyo chini yake. Akanirudishia simu, akavaa hedifoni.