Vipimo Vilipotoka Safi, Nilijiona Mwongo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, naugua tumbo mwaka wa nne sasa na kila kipimo kinatoka safi. Siku hizi nawaza labda mimi ni mvivu tu." Nilishindwa kumjibu siku ileile. Hayo maneno nilijiambia mwenyewe kwa miaka.

Langu lilianza chuoni. Tumbo kusokota, kujaa gesi, wiki hii naharisha, wiki ijayo choo hakitoki. Dawa nilizomeza sizihesabu. Siku ninayoikumbuka ni ya kipimo cha kamera. Baadaye nilipewa karatasi imeandikwa kwamba utumbo mpana ni wa kawaida. Mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nililia koridoni, karatasi mkononi, maana nilitamani wakute japo kidonda, nikamwonyeshe bosi aliyenisema mbele ya wenzangu: "Wewe kila siku tumbo." Neno lile bado linaniuma.

Nilikuwa mcheshi, mpenda safari. Nikageuka mtu wa kiti cha karibu na mlango, wa suruali nyeusi tu, mwenye nguo ya ndani ya akiba kwenye mkoba. Nikifika mahali, macho yanatafuta choo kabla mdomo haujasalimia. Mialiko niliikataa mpaka ikakoma. Watu walidhani naringa, kumbe nilijiona mchafu. Baada ya ile karatasi nikajiona na mwongo juu yake.

Daktari aliyenisaidia alianza kwa kuuliza. Maumivu huja mara ngapi kwa wiki? Ukienda haja yanabadilika? Akasema ni IBS, yaani tatizo la utumbo linaloleta maumivu na kuvuruga choo bila kidonda kuonekana, na hutambuliwa kwa dalili zake. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari huvitumia kuitambua, vinataka maumivu ya wastani wa angalau siku 1 kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, yanayoendana na angalau mawili kati ya haya: kwenda haja kubwa, mabadiliko ya mara unazokwenda, na mabadiliko ya umbo la choo, na dalili ziwe zimeanza angalau miezi 6 nyuma. Kamera huona ukuta wa utumbo, haioni namna neva zinavyopokea hisia. Watafiti wamewahi kujaza hewa kipira kidogo ndani ya utumbo, na wagonjwa wengi wa IBS wakaumia mapema kuliko watu wasio nayo. Nilimwomba anirudie hapo. Maumivu yangu yalikuwa ya kweli, na kumbe yanaweza kupimwa!

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, nunua daftari. Andika siku, maumivu, choo kilivyokuwa, ulichokula, usingizi. Mpelekee daktari, na asiposikiliza, mpelekee mwingine. Ukiona damu chooni, ukipungua uzito bila sababu, au kuharisha kukikuamsha usiku, usingoje, rudi hospitali upimwe upya. Mwambie ukweli mtu mmoja unayemwamini. Na acha kuomba radhi kwa ajili ya tumbo lako. Nalisema tena kwa sababu hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote: acha kuomba radhi. Hukulichagua.

Jumapili nilikubali mwaliko, wa kwanza baada ya muda mrefu. Nilipofika nilisalimia kwanza, kisha nikamuuliza mwenyeji, kwa sauti ya kawaida na watu wakisikia, choo kiko wapi. Akanionyesha kwa mkono, akaendelea na hadithi aliyokuwa akiisimulia.