Moduli Ipo, Lakini Dada wa Kaunta Haipati

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa Python programu ndogo ya kuhesabu mzigo wa duka la vipuri la shemeji yangu, Kariakoo. Kompyuta yangu ya mpakato inatumia Windows, na huko programu husoma majedwali ya Excel bila tatizo. Ya dukani inatumia Ubuntu 22.04, ambayo ni aina ya Linux. Niliisakinishia openpyxl, moduli ya kusoma majedwali hayo, kwa pip, kisakinishi cha moduli za Python, nikajaribu mwenyewe, ikakubali. Lakini dada wa kaunta akiingia asubuhi kwa akaunti yake, programu hukatika ikidai kwamba openpyxl haipo. Rafiki yangu ananishauri nibebe folda ya moduli kwenye flashi kutoka kwenye mpakato. Nifanyeje?
Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yetu wa Tabata, chanzo umekitaja mwenyewe pale uliposema kuwa dada huyo huingia kwa akaunti yake. Mtumiaji wa kawaida wa Ubuntu 22.04 hana ruhusa ya kuandika ndani ya folda za mfumo, kwa hiyo pip huiweka moduli katika folda yake binafsi, ambayo kwako itakuwa chini ya /home/jina-lako/.local/lib/python3.10/site-packages. Python inapoagizwa kuleta moduli haipekui diski nzima. Hupita folda chache zilizoorodheshwa katika sys.path, moja baada ya nyingine, na orodha anayoipata dada wa kaunta haina folda yako. Andika amri hii katika akaunti zote mbili, kisha ulinganishe majibu:

python3 -c "import sys; print(sys.path)"

Kwenye mpakato hukuliona tatizo hili kwa kuwa mtumiaji ni wewe peke yako.

Kuhusu flashi, openpyxl imeandikwa yote kwa Python, hivyo ungeweza kubahatika, ilimradi ukumbuke kubeba na et_xmlfile, moduli nyingine ambayo openpyxl huitegemea. Siku utakapoongeza pandas, moduli ya kuchambua data, utakwama, kwani baadhi ya sehemu zake huja zikiwa zimekwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, kama faili za .pyd kwa Windows na .so kwa Linux, na mfumo mmoja hauwezi kutumia za mwingine. Wapo pia watakaokuambia ujaze PYTHONPATH, yaani orodha ya folda za ziada ambazo Python huzipekua. Ukifanya hivyo, angalia alama: Windows hutenganisha folda kwa nukta mkato, maana nukta pacha imekwisha kutumika katika C:, ilhali Linux na macOS hutumia hiyo hiyo nukta pacha.

Sisi tungeunda mazingira ya pekee, yaani folda yenye Python na moduli zake yenyewe, nje ya akaunti ya mtu yeyote:

sudo apt install python3-venv
sudo python3 -m venv /opt/duka
sudo /opt/duka/bin/python -m pip install openpyxl

Kisha programu ya kaunta iendeshwe kwa /opt/duka/bin/python badala ya python3. Ukirudia kazi hii kwenye Windows, utakuta folda ya bin inaitwa Scripts.

Mkihamia Ubuntu 24.04, pip ya mfumo itakataa kusakinisha nje ya mazingira ya namna hii. Ipo swichi ya kuilazimisha, --break-system-packages, yaani "vunja vifurushi vya mfumo", nasi hatuoni kwa nini mtu ajitafutie balaa hilo kwenye kompyuta inayotegemewa na duka. Hayo mazingira ya /opt/duka nayo mtayaunda upya wakati huo, kwa sababu yamefungwa kwenye Python 3.10.