Uzi wa E unaomung'unya kwenye besi fupi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina besi fupi ya umeme ya bei nafuu: nyuzi nne, pikapu moja (kile kifaa chenye sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi), urefu wa nyuzi inchi 30. Niliichagua kwa sababu vidole vyangu ni vifupi, na shingo yake kweli inanifaa. Shida ni uzi wa E, ule mnene kuliko wote. Nyumbani, kwenye amplifaya ndogo, unamung'unya tu. Noti hazitambulikani, ilhali A, D na G ziko safi. Nikiunganisha kwenye spika kubwa hali huwa afadhali. Wenzangu wanasema besi fupi ni za kujifunzia tu, niiuze au nibadilishe pikapu. Kosa liko wapi: kwenye ufupi, mbao, pikapu, au mimi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiuze, na hela ya pikapu iweke kwanza. Umenipa dalili mbili nzuri sana: nyuzi tatu ziko safi, na uzi wa E unafufuka kwenye spika kubwa. Pikapu mbovu kwa kawaida ingeziharibu zote nne. Mimi naushuku uzi wenyewe, na baada yake mipangilio ya gitaa.

Hilo la besi fupi kuwa za kujifunzia tu, liache. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi ya Höfner 500/1 mjini Hamburg mwaka 1961, na hiyo ni besi fupi. Besi ya Gibson EB-3 aliyopiga Jack Bruce akiwa na kundi la roki la Cream ina inchi 30.5. Watengenezaji Fender, waliotoa besi ya Precision ya inchi 34 mwaka 1951, walitoa Mustang Bass ya inchi 30 mwaka 1966. Vidole vyako navyo vina haki: kwenye gitaa la inchi 34, kutoka kwenye kizingiti (kile kipande chenye mikato ambamo nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye vigingi) hadi freti ya 4 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo) ni karibu milimita 178. Kwenye lako ni 157. Sentimita mbili hizo ndizo zinazoamua kama mkono utatulia au utarukaruka.

Sasa ufupi unafanya nini kwenye sauti? Uzi wa E ukiwa wazi hutetemeka mara 41 na kidogo kwa sekunde, liwe gitaa refu au fupi. Ukichukua uzi uleule ukaufunga kwenye urefu mdogo zaidi, itabidi uulegeze ndipo ushuke hadi noti hiyo. Mvutano hufuata mraba wa urefu, kwa hiyo kutoka inchi 34 kuja 30 unapoteza karibu asilimia 22. G, D na A zinapoteza vilevile, lakini ni nyembamba na hazionyeshi sana. E ndiyo mnene, na uzi mnene uliolegea hujikunja kwa shida. Unakuwa unaelekea tabia ya fimbo na kuacha ile ya uzi.

Hapo ndipo ilipo siri ya amplifaya yako. Noti moja haiji peke yake. Juu ya ile 41 kuna 82, 123, 165 na kuendelea. Tuziite toni za juu. Spika ndogo haiwezi kabisa kutoa 41. Unaposikia E kwenye spika ndogo, sikio linapokea toni za juu, na ubongo unaijaza ile ya chini iliyokosekana. Ni kazi ya ajabu ambayo masikio yetu huifanya bila kuulizwa. Lakini uzi mnene, mfupi na mlegevu hutoa toni za juu chache, tena hukaa juu kidogo ya pale zinapotakiwa kuwa. Kwa hiyo spika inaondoa chini, uzi unanyima juu, na wewe unabaki na mng'unyo. Kwenye spika kubwa ile ya chini inapita, na ghafla gitaa lako lina kifua kipana. Hiyo ndiyo sauti halisi ya besi fupi: mdundo mnene wa mviringo, wenye ng'aro kidogo. Mimi naipenda mno, hasa pale besi inapotakiwa kukaa chini ya waimbaji bila kuwaingilia.

Kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili leo. Kwenye amplifaya punguza kitufe cha besi hadi chini ya nusu, pandisha cha toni za kati, kisha upige uzi wa E karibu na daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa) badala ya pale mkono wako unapopumzika kwa mazoea. Noti zikianza kutambulika, tumekubaliana kuhusu chanzo.

Sasa angalia uzi wenyewe. Niliwahi kuletewa besi kama yako, mwenyewe akiwa ameshabadilisha pikapu na hata nyaya za ndani, na E bado imekufa. Niliinamisha taa kwenye kichwa cha gitaa. Aliyeiuza alikuwa ameifunga nyuzi za besi ndefu na kuzikata. Nyuzi za besi hutengenezwa kwa kiini cha chuma kilichozungushiwa waya, na karibu na ncha ya mwisho hupungua unene ili zijipinde vizuri kwenye kigingi. Ule wa E ulikuwa umejipinda kwenye kigingi ukiwa na unene wake kamili. Waya wa nje ulikuwa umeachana na kiini na kufunguka, mizunguko ikionekana mmoja mmoja, kama springi iliyochoka. Uzi wa namna hiyo hauna maisha tena, hata ukiutyuni mara mia. Niliweka uzi mpya wa urefu sahihi na gitaa likaongea palepale mezani. Pikapu ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Basi pima kwanza: kutoka pale kishikizo cha uzi kinaposhika hadi kwenye kizingiti. Pakiti ya nyuzi za besi fupi iwe na sehemu nene inayovuka kizingiti kidogo, lakini isifike kwenye kigingi. Kama nyuzi zako zinapita ndani ya mwili kutokea nyuma, kuwa mwangalifu zaidi, maana njia hiyo hula urefu wa ziada na pakiti ya kawaida huenda isifike. Na ukilazimika kukata uzi, uukunje kwanza kwa pembe kali pale utakapoingia kwenye kigingi, ndipo ukate mbele ya mkunjo.

Unene nao. Baadhi ya besi fupi za bei nafuu huja na E nyembamba, kwa mfano 0.095 ya inchi. Ukihamia 0.105, uzito wa uzi unaongezeka, na mvutano wa noti ileile unapanda kwa karibu asilimia 22. Umerudisha karibu wote ulioupotezea kwenye ufupi. Usiendelee kupanda hadi 0.115 ukidhani kila unene ni faida, kwa sababu ugumu wa uzi nao unaongezeka na toni za juu zinazidi kufa. Kwenye besi fupi naona 0.105 ni mahali pazuri pa kusimama. Ukitaka mng'ao, chukua nyuzi za kawaida zenye mistari unayoisikia ukipitisha kucha. Zile laini zilizozungushiwa utepe bapa zinapendeza sana kwenye besi fupi, ila kwa shida yako ya sasa, ya kutotambulika kwa noti kwenye spika ndogo, zitakurudisha nyuma.

Uzi mnene zaidi utadai mambo matatu. Mkato wake kwenye kizingiti huenda ukahitaji kupanuliwa kidogo. Uzi ukikaa juu ya mkato badala ya kuzama ndani, utalia vibaya ukiwa wazi. Shingo itavutwa zaidi: bana uzi wa E kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, kisha angalia nafasi iliyopo juu ya freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.3 inatosha. Ikiwa kubwa, kaza nondo ya shingo (chuma kilicho ndani ya shingo kinachopingana na mvuto wa nyuzi) robo mzunguko, subiri, pima tena. Nondo haitaki nguvu wala haraka. Jambo la tatu ni urefu wa uzi kwenye daraja, na hapa besi fupi ni sumbufu kuliko ndefu. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 ili upate ile sauti ya kengele, halafu ubane hapohapo upige. Noti iliyobanwa ikiwa juu kuliko kengele, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi. Kwa E mnene kitarudi nyuma sana, na kwenye madaraja ya bei rahisi skrubu yake inaweza kwisha kabla noti haijakaa. Baadhi ya madaraja hayo yana vipande viwili tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, kwa hiyo E na A zinagombania mahali pamoja. Kama lako ni hivyo, pesa yangu ningeiweka kwenye daraja lenye vipande vinne muda mrefu kabla ya kufikiria pikapu.

Kimo cha uzi wa E juu ya freti ya 12 kiache kwenye milimita 2.5 hivi, G kwenye 2. Uzi uliolegea huyumba kwa upana, na ukiushusha sana utagongana na freti. Kugongana huko pia huwa watu wanakuita mng'unyo.

Kuhusu pikapu, fungua kifuniko kama kinafunguka. Musicmaster Bass ya Fender, iliyotoka mwaka 1971, ilificha chini ya plastiki pikapu ya gitaa la kawaida yenye vichwa sita vya sumaku, na besi kadhaa za bei nafuu zimefuata njia hiyo. Nyuzi nne haziwezi kulingana na vichwa sita. Angalia kama uzi wa E unapita juu ya kichwa au pembeni yake. Ukipita pembeni, zungusha skrubu ya upande wa E mpaka pikapu iinuke upande huo. Usiisogeze karibu mno, kwani sumaku huuvuta uzi na kuufanya uyumbeyumbe. Dakika tano za bisibisi, na mara nyingi E inapanda kufikia wenzake.

Mbao? Kwenye gitaa la umeme lenye mwili usio na uwazi ndani, la bei kama hii, sijawahi kuona E ikifa kwa sababu ya mbao. Mbao nyepesi inakuhusu kwa njia nyingine: kichwa kinakuwa kizito kuliko mwili na shingo inadondoka ukiachia mkono. Mkanda mpana wenye ngozi ya kukwaruza upande wa ndani unatuliza hilo.

Anza na uzi. Ukishaufunga, uache siku moja utulie, tyuni tena, kisha piga noti moja moja kwenye uzi wa E kuanzia freti ya 1 hadi ya 12. Kama zote zinasikika isipokuwa moja au mbili zinazokatika upesi, hayo ni mengine kabisa, yanahusu shingo. Niandikie uniambie ni freti ya ngapi.