Kwa nini ndege ya kunyunyizia dawa hugeuka ghafla ikiwa imeshatua?

Mkuu, umeuliza inakuwaje ndege ya shamba iguse chini vizuri, halafu mbele kidogo igeuke ghafla na kuvunjika bawa. Mchawi ni gurudumu la mkia.

Nyingi ya ndege hizi zina magurudumu mawili makubwa mbele na dogo moja nyuma, na uzito mwingi uko nyuma ya yale makubwa. Chukua toroli la supamaketi, ulisukume upande wa magurudumu yasiyogeuka ukiwa ndio umetangulia. Likiyumba kidogo tu, linataka kugeuka lenyewe. Ndege nayo ni hivyo hivyo: pua ikienda kushoto, mkia unataka kupita mbele. Ukichelewa, bawa la kulia linalala mpaka linakwangua ardhi, na mguu wa gurudumu la kulia unakunjika kuingia ndani.

Hatari kubwa ni kasi inapopungua, wala si pale unapogusa. Usukani wa mkia, ule unaougeuza kwa pedali za miguu, unategemea hewa inayoupitia. Hewa ikipungua, pedali inakuwa nyepesi na haina kazi. Magurudumu yote matatu yakishakaa chini, vuta fimbo ya kuongozea ndege mpaka mwisho ili gurudumu la mkia likandamizwe, na ufanye kazi na pedali kwa miguso midogo ya haraka. Kwa baadhi ya ndege hizi, kufuli linalozuia gurudumu la mkia lisigeuke hufunguka fimbo ikisukumwa mbele, kwa hiyo anayelegeza mkono mapema anajifungulia balaa mwenyewe. Breki nazo kwa kiasi: ukizikanyaga kwa hofu, mkia unanyanyuka na pua inachimba.

Upepo wa nyuma ndio marubani wanaoudharau, kwa sababu gari la kujazia dawa liko upande ule na kuzunguka kunapoteza muda. Piga hesabu. Ndege inatua kwa km 110 kwa saa, upepo ni km 20. Ukiukabili, unagusa ardhi kwa km 90. Ukikusukuma, km 130. Nishati ya kumaliza kwa breki inakuwa zaidi ya mara 2, maana inakua kwa mraba wa kasi. Upepo wa km 30 ukija kwa pembe ya nyuzi 30 na njia ya kutulia unakusukuma ubavuni kwa km 15. Kwa nyuzi 60, km 26.

Ndege ikidunda, usiifukuze chini kwa fimbo. Ongeza nguvu ya injini, ruka, rudi upya.

Na kabla ya kumlaumu rubani, kagua pini ya kufuli la mkia kama imelika, springi zake zisitofautiane ukakamavu, upepo wa matairi yote mawili ulingane. Kisha nyanyua kila gurudumu kubwa ulizungushe kwa mkono: breki inayokwaruza upande mmoja inavuta ndege upande huo kila inapotua.